Bukama: Mtoto anaandaliwa kwa darasa la kwanza, hata kama mfuko ni mwepesi

Katika eneo la Bukama, jimbo la Haut-Lomami, familia nyingi zinaishi kwa samaki wa mto Lualaba na mashamba ya mihindi na mihogo. Kwa wazazi hao, mwezi wa tisa unakuja na deni lake: kaye, biki, viatu na sare ya bluu na nyeupe.

Tangu mwaka wa masomo 2019-2020, serikali imeondoa minervali katika shule za msingi za umma, kama ibara ya 43 ya Katiba inavyotaka. Lakini vifaa vimebaki juu ya mzazi. Ndiyo sababu wengi wanajipanga mapema: mama anaomba zamu yake ya likelemba iangukie mwezi wa nane, na sare ya kaka inapunguzwa ili imfae mdogo wake.

Materneli haimo katika elimu hiyo ya bure, na nyingi ziko mijini. Kwa mtoto wa kijiji, siku ya kwanza ya darasa la kwanza ndiyo siku yake ya kwanza shuleni. Nyumbani amezoea Kiluba. Mwalimu anaanza kwa Kiswahili, kisha Kifaransa. Hapo mzazi anaweza kusaidia bila kutoa hata franka moja: kumfundisha kutaja jina lake lote, kusalimia kwa Kiswahili, kuhesabu samaki au karanga hadi kumi, na kukata pamoja naye vijiti vya kuhesabia.

Kitu kingine kinachosahauliwa ni cheti cha kuzaliwa. Darasa la kwanza linapokea mtoto wa miaka 6. Asiyekuwa na karatasi, mara nyingi anapimwa kwa mkono: aupitishe juu ya kichwa, aguse sikio la upande wa pili. Mtoto aliyekosa chakula cha kutosha na kubaki mfupi anaweza kurudishwa nyumbani, hata kama miaka yake imetimia.

Sheria ya familia, iliyorekebishwa mwaka 2016, inampa mzazi siku 90 kuandikisha mtoto bila malipo. Zikipita, inabidi kupitia mahakamani, na huko kuna gharama. Kwa familia isiyo na kitu, maandalizi ya shule yanaanzia hapo: kufika kwenye ofisi ya eta-sivili mtoto akiwa bado mgongoni.