Makumbusho Yaliyomo Shambani

Mtoto wa shamba hana haja ya kuambiwa maziwa hutoka wapi, maana amewaona wakubwa wake wakikama. Lakini mtoto aliyezaliwa katika mji mkubwa huyaona maziwa chupani na mkate dukani, asijue ni kazi ya nani iliyotangulia. Katika nchi ya Kanada, iliyo kaskazini ya Marekani, watu wengi hukaa mijini. Kwa ajili ya watoto wao, na wakubwa pia, yako makumbusho ya ukulima na chakula katika Ottawa, mji mkuu wa nchi hiyo.

Makumbusho ni mahali panapotunzwa vitu ili watu wavitazame na kujifunza. Mara nyingi vitu hivyo hukaa ndani ya sanduku la kioo, tena mlinzi husimama karibu asije mtu akavigusa. Haya ya Ottawa si hivyo. Yamo ndani ya shamba lenyewe, nalo ni shamba linalolimwa hata leo, ingawa mji umelizunguka pande zote.

Mgeni akiingia hukuta ng'ombe wa namna nyingi, kondoo, mbuzi, nguruwe, farasi na kuku, kila jamii katika banda lake. Huweza kutazama jinsi ng'ombe wanavyokamwa, na jinsi kondoo wanavyokatwa manyoya baridi inapokwisha. Ziko mashine za kale za kulimia na kuvunia, na jiko ambamo wageni huonyeshwa jinsi mazao yanavyogeuzwa kuwa chakula. Lakini kitu kikubwa kuliko vyote katika historia ya shamba hilo ni kidogo mno, hata chaweza kupotea kiganjani. Nacho ni punje ya ngano.

Shamba lilianzishwa mwaka 1886, serikali ya Kanada ilipoweka mashamba 5 ya majaribio. Mkuu wake wa kwanza alikuwa William Saunders, mtu ambaye zamani alikuwa na duka la dawa. Siku zile wahamiaji wengi walikuwa wakienda magharibi, kwenye nyika pana zilizokuwa makao ya watu wa asili wa nchi ile, wakaanza kulima ngano. Ngano yao iliitwa Red Fife. Unga wake ulikuwa mzuri sana, ila ilichelewa kuiva. Kiangazi cha huko ni kifupi. Mara nyingi, kabla ya mavuno, ilishuka sakitu, yaani umande ulioganda kwa baridi, ikaharibu punje zingali mbichi. Hivyo mkulima aliweza kulala akiwa na shamba zuri, akaamka hana kitu, na deni la mbegu likimngoja.

Basi ilitafutwa ngano itakayoiva kabla ya sakitu. Kutoka Bara Hindi ililetwa ngano iliyoiva upesi, iitwayo Hard Red Calcutta. Mwaka 1892 mmoja wa wana wa Saunders aliiunganisha na Red Fife. Alitwaa chavua, ule unga mwembamba uliomo katika ua, akautoa katika ngano moja na kuutia katika ua la nyingine. Punje zilizozaliwa zikapandwa, lakini watoto wa mbegu hizo hawakufanana. Wengine walichukua wema wa wazazi wote wawili, na wengine ubaya wao. Nani atawatenga?

Kazi hiyo ilimwangukia mwana mwingine, Charles Saunders, aliyeingia shambani mwaka 1903. Alikuwa amesomea kemia, hata hivyo moyo wake ulipenda muziki, na mbele ya hapo alikuwa akifundisha watu kuimba. Alipita katika ngano akichagua suke moja moja. Katika kila suke alitwaa punje chache akazitafuna, na punje zilizosalia akaziweka kuwa mbegu. Kwa nini alitafuna? Kwa sababu unga wa ngano njema ukitafunwa huwa kama ulimbo, huvutika bila kukatika, na unga wa namna hiyo ndio uumukao vizuri ukafanya mkate mwepisi. Ngano mbaya huyeyuka kinywani kama uji. Suke lisilofaa aliliacha, na lililofaa akalitunza.

Mwaka 1904 alipanda mbegu za suke moja alilolichagua, ikaota miche 12 tu. Wahenga walisema, haba na haba hujaza kibaba. Mbegu za miche ile zilipandwa tena, na za pili zikapandwa, mwaka hata mwaka. Baadaye alizisaga, akaoka mikate midogo ili kuhakikisha yale meno yake yaliyomwambia. Ngano hiyo iliitwa Marquis. Iliiva kiasi cha juma moja kabla ya Red Fife, na juma hilo moja lilitosha kuiokoa na sakitu. Mwaka 1909 wakulima walianza kugawiwa mbegu. Ulipofika mwaka 1920, katika kila sehemu 10 za ngano ya nyika zile, sehemu 9 zilikuwa Marquis.

Lakini msidhani kwamba kazi ilikwisha. Mwaka 1916 ulienea mno ugonjwa uitwao kutu, ambao hupaka mabua ya ngano rangi nyekundu kama chuma kilichonyeshewa mvua, na kunyonya nguvu zake. Marquis iliweza kushindana na sakitu, lakini haikuweza kushindana na kutu. Mavuno mengi yakapotea. Ikawa lazima kutafuta ngano nyingine, na katika miaka ya 1930 ikapatikana ile iitwayo Thatcher, ambayo Marquis imo katika ukoo wake.

Kutu haina mpaka, kwa kuwa mbegu zake huchukuliwa na upepo. Mwaka 1999 ilitambuliwa kutu ya namna mpya iliyoonekana Uganda, ikapewa jina la Ug99, nayo ikaingia Kenya. Kwa hiyo huko Njoro, katika Kenya, ngano za nchi nyingi hupandwa makusudi mahali penye ugonjwa, ili ijulikane ni ipi itakayosimama na ipi itakayoanguka.

Sasa mwaweza kufahamu kwa nini makumbusho ya ukulima yafaa kuwamo shambani. Jembe la kale laweza kukaa ndani ya kioo miaka 100 bila kudhurika. Mbegu haiwezi. Ikiachwa tu ghalani miaka mingi, hufa. Sharti ipandwe, ivunwe, na kupandwa tena. Na ujuzi wa kuchagua mbegu ni vivyo hivyo: usipopandwa kwa vijana, hufa pamoja na wazee. Basi, nyumbani kwenu yumo mtu ajuaye kulitambua suke la kuwekwa mbegu. Mwulizeni hulitambua kwa alama gani, kabla mavuno hayajaingia ghalani.