Homoni, kimeng'enya na kichocheo

Homoni (ngeli ya i-/zi-: homoni hii, homoni hizi) ni kemikali inayotengenezwa na tezi, ikaingia moja kwa moja katika damu na kufikishwa kwenye kiungo cha mbali, ambako huamsha, huharakisha au huzuia kazi fulani. Neno hili lilianza kutumiwa mwaka 1905 na Ernest Starling, mwanafiziolojia wa Uingereza, kutokana na kitenzi cha Kigiriki chenye maana ya kuchochea. Kwa sababu hiyo baadhi ya waandishi huiita homoni "kichocheo". Utata huanzia hapo, kwa kuwa jina hilo hilo hupewa kimeng'enya, yaani protini inayoharakisha mabadiliko ya kemikali, kama yale ya kusaga chakula.

Kongosho ni kiungo kinachodhihirisha tofauti hiyo, kwani hufanya kazi zote mbili. Vimeng'enya vyake hupita katika mfereji hadi utumbo mdogo. Homoni zake huingia katika damu: insulini hushusha kiwango cha sukari, glukagoni hukipandisha. Insulini ikikosekana, au mwili usipoitikia ipasavyo, hutokea kisukari. Mgonjwa anayeihitaji hudungwa sindano, hameshwi kidonge, kwa sababu insulini ni protini, na ikimezwa huvunjwavunjwa na vimeng'enya. Mfasiri anayeviita vyote "vichocheo" humwambia mgonjwa kwamba kichocheo huvunjwa na kichocheo, na sababu ya sindano hupotea.

Tezi nyingine za homoni ni pituitari, iliyo chini ya ubongo, ambayo huongoza tezi kadhaa. Thiroidi, iliyo mbele ya shingo, ambayo hurekebisha kasi ya mwili kutumia nishati, na ambayo madini joto yakipungua huweza kuvimba na kuwa rovu. Na adrenali, zilizo juu ya figo, ambazo hutoa adrenalini wakati wa hofu.

Hata hivyo, si kila tezi hutoa homoni. Tezi za mate, za jasho na tezi dume hupitisha majimaji yake katika mifereji. Aidha, tezi dume ni kiungo cha kila mwanamume, si ugonjwa. Badala ya "ana tezi dume", iandikwe "tezi dume yake imevimba" au "ana saratani ya tezi dume", kwa kuwa hali hizo mbili hutofautiana.

Kwa ufupi: *homoni* husafiri katika damu, *kimeng'enya* huharakisha mabadiliko ya kemikali mwilini, *kichocheo* libaki neno la jumla.