Treni ya Dakar na viwanja vya watu

Sisi wa Kindu na Kalemie tunajua gari la moshi kama safari ya kungojea. Huko Dakar, mji mkuu wa Senegal, watu wanalipanda kwenda kazini asubuhi na kurudi jioni. Njia hiyo mpya, inayoitwa TER, ilianza kubeba abiria tarehe 27 Desemba 2021. Ina kilometa 36, kutoka katikati ya mji hadi Diamniadio, na inapita Pikine, Thiaroye na Rufisque.

Dakar imejengwa kwenye rasi. Bahari imeizunguka karibu pande zote, kwa hiyo magari yote yanabanana katika sehemu moja nyembamba ya kutokea. Reli ya zamani ilikuwapo tangu wakati wa Wafaransa, lakini ilikuwa nyembamba, na watu walikuwa wanaivuka popote walipotaka. Treni inayokimbia hadi kilometa 160 kwa saa haiwezi kupita hivyo. Ilibidi kuweka reli pana ya milimita 1435, kuzungusha uzio pande zote mbili na kujenga madaraja ya magari na ya watu wa miguu. Mama aliyekuwa akivuka hatua ishirini kwenda sokoni sasa anatafuta daraja kwanza.

Kazi ilianza mwishoni mwa 2016. Rais Macky Sall aliizindua Januari 2019, hotuba zikatolewa, kisha abiria wakangoja karibu miaka mitatu. Kufungua kwa utepe ni jambo moja, na treni kutembea ni lingine!

Lakini jambo gumu zaidi lilikuwa ardhi. Maelfu ya watu walikuwa wanaishi au kuuza bidhaa kandokando ya reli. Nyumba na vibanda vilibomolewa, na kwa miaka mingi wengine waliandamana wakidai kwamba fidia ni ndogo au imechelewa. Banki ya Maendeleo ya Afrika, mmojawapo wa waliokopesha fedha, ina kanuni inayotaka watu walipwe kabla ya kuondolewa. Hata asiye na hati ya kiwanja anastahili msaada wa kuhama. Kanuni hiyo ni nzuri, ila inamsaidia yule tu ambaye jina lake liliandikwa.

Majina yanaandikwa namna hii. Wakubwa wa mradi wanatangaza siku ya kuhesabu. Wanapita nyumba kwa nyumba, wanapima, wanaandika mwenye nyumba, mpangaji, mwenye kibanda, na miti ya matunda. Anayejenga baada ya siku ile halipwi. Hiyo ni haki, maana bila mpaka huo watu wangekuja mbio kupanda vibanda usiku.

Kwetu jambo hili si la mbali. Tanzania, Burundi na Kongo wamepanga reli itokayo Uvinza, ipite Musongati na Gitega, na baadaye ifike Kindu. Kutoka Burundi haiwezi kufika Kindu bila kupita Kivu ya Kusini. (Reli ya Kindu ya sasa ina milimita 1067, kwa hiyo mabehewa ya njia mpya hayataingia juu yake, mizigo itabidi ihamishwe.)

Tofauti yetu na Dakar ni vita. Huko, siku ya kuhesabu, watu walikuwa nyumbani. Hapa kwetu kiwanja kinaweza kuonekana pori, kumbe mwenyewe yuko kambini au amevuka mpaka na watoto. Karatasi zake zimeungua, au hakuwa nazo kamwe, kwa sababu alipewa shamba na chifu mbele ya mashahidi. Mashahidi hao bado wapo, na wengi wao ni wazee. Kuandika sasa majina ya majirani, mipaka ya mashamba na nani alishuhudia, katika daftari linalohifadhiwa mahali zaidi ya pamoja, hakungojei mradi wowote uanze.