"Ardhi" na "Shoti" katika Taa za Tela

Mfasiri anayekabidhiwa kitabu cha matengenezo ya matela ya malazi, yale yanayovutwa na motokaa za wasafiri huko Marekani na Ulaya, hukutana mapema na neno ambalo kwa Kiingereza ni la udongo na la umeme pia. Aghalabu huandika "waya wa ardhini", kisha akaendelea na kazi yake. Sisi tunaona kwamba hapo ndipo msomaji anapopotezwa.

Tela hukaa juu ya mipira, wala taa zake haziihitaji ardhi kwa lolote. Mkondo hutoka katika betri ya gari, hupita katika fyuzi, swichi na plagi, huwasha taa, kisha hapana budi urudi kwenye ncha hasi ya betri. Njia hiyo ya kurudi ni waya mweupe wa plagi, au chuma cha fremu, au vyote viwili. Mafundi wetu huiita "ethi" au "bodi", na hili la pili li karibu zaidi na ukweli kuliko "ardhi" ya wafasiri. Tunapendekeza "waya wa marejeo". Tunajua kuwa neno hilo limezoeleka mwishoni mwa vitabu. Lakini hatudhani yupo fundi atakayetafuta orodha ya vitabu ndani ya plagi.

Faida yake huonekana taa zinapoharibika. Kutu ikiingia pale waya huo unapofungwa kwenye fremu, mkondo hutafuta njia nyingine ya kurudi, kwa kupitia globu za taa nyingine. Ndipo dereva akiwasha indiketa, taa za nyuma nazo hupepesa. Akikanyaga breki, hufifia. Aliyeambiwa "kagua waya wa ardhini" atainama kutafuta waya unaogusa udongo, asiuone, aanze kubadili globu zilizo nzima. Aliyeambiwa "marejeo" ataunganisha ncha hasi ya betri na kitako cha taa kwa waya wa kujaribia. Taa ikiwaka sawasawa, kosa limepatikana, na dawa yake ni kukwangua kutu na kukaza skrubu.

Neno "shoti" lenyewe halina ubaya. Limekwisha kuwa la Kiswahili. Ubaya ni kuliita kwa kila hitilafu. Shoti ni pale waya wenye umeme uliochubuka unapogusa fremu, mkondo ukarudi bila kupita katika taa, ukazidi kiasi, na fyuzi ikaungua. Waya uliokatika hauunguzi fyuzi. Taa huzimika tu. Huo tungeuita "mkatiko". Anayeandika "shoti" kwa yote mawili, kisha akashauri fyuzi ibadilishwe, amemtia msomaji hatarini. Fyuzi mpya nayo itaungua. Mwenye haraka ataweka kubwa zaidi. Na hapo kitakachoungua ni waya, ndani ya kuta za mbao za chumba chenye magodoro na mapazia.

Rangi za nyaya zisibadilishwe wala kusawazishwa. Nyeupe ni ya marejeo pande zote mbili, lakini njano ya Ulaya ni ya indiketa ya kushoto peke yake, na njano ya plagi ya Marekani ya nyaya nne hubeba indiketa hiyo pamoja na breki. Mfasiri na ataje tangu ukurasa wa kwanza kitabu chake ni cha upande upi.