Uvuvi Wakati wa Kusi

Kusi huvuma katika pwani ya Kenya tangu mwezi wa Aprili hadi Oktoba. Katika kipupwe, yaani Juni, Julai na Agosti, bahari huchafuka sana. Mvuvi mwenye busara haendi nje ya mwamba. Hubaki ndani, ambako nguvu za mawimbi zimekwisha vunjika. Humo hutega malema yenye chambo cha mwani, nao tafi huingia. Penye hatari hasa ni mlango wa mwamba: maji yakupwapo hutoka kwa kasi na kupambana na mawimbi ya kusi, hata mtumbwi huweza kupinduka. Alazimikaye kupita na angoje maji yajae. Samaki watakuwako kesho, lakini uhai haununuliwi.