Bapa Moja Zaidi: Sayansi ya Springi za Nyuma za Pikapu

Msimu wa mavuno unapofika Trans Nzoia, kati ya Oktoba na Desemba, pikapu zinazoshuka kutoka Kitale kupitia Kiminini na Kamukuywa hadi Webuye na Bungoma huonekana zimeinua pua. Nyuma zimekaa, taa za mbele zinamulika matawi ya miti. Mwenye gari akichoshwa na hali hiyo humwendea fundi wa jua kali na ombi moja: "Niongezee springi." Fundi anatia bapa moja au mawili, gari linanyooka, pesa zinalipwa. Keshoye gari linatoka likiwa tupu, na kila shimo linamfikia dereva kiunoni.

Je, springi imeimarika? Imekuwa ngumu zaidi, na hayo ni mambo mawili tofauti.

Springi ya nyuma ya pikapu nyingi za kazi, kama Toyota Hilux na Isuzu D-Max, ni mabapa ya chuma yaliyopangwa kwa tabaka, refu juu na mafupi chini, yakafungwa kwenye ekseli kwa yuboti. Mzigo ukiingia, mabapa hupinda, ukitoka, hurudi. Robert Hooke alichapisha kanuni hiyo mwaka 1678: kadiri unavyoongeza uzito ndivyo springi inavyopinda, kwa uwiano ule ule.

Ugumu wa mabapa hutegemea idadi, unene na urefu. Idadi ni hesabu rahisi: kwa mabapa yanayolingana urefu na unene, ukitoka matano hadi saba, ugumu unapanda kwa asilimia 40. Unene ndio wenye hila, kwani athari yake hukua kwa kipeo cha tatu. Bapa la milimita 10 ni gumu karibu mara mbili ya bapa la milimita 8 lenye urefu na upana huo huo. Ndiyo maana bapa lililotolewa kwenye lori kuukuu na kukatwa litoshee pikapu linaweza kuharibu hesabu yote, hata kama kwa macho tofauti ni ndogo.

Tuchukue mfano. Tuseme springi zote mbili za nyuma hushuka sentimita moja kwa kila kilo 100. Gari tupu linaziwekea kilo 500, na magunia kumi ya mahindi ya kilo 90 yanaongeza 900. Likiwa na magunia, sehemu ya nyuma itapanda na kushuka takriban mara 1.3 kwa sekunde, mwendo ambao mwili wa binadamu huuvumilia vizuri. Likiwa tupu ni mara 2.2. Ongeza ugumu kwa asilimia 40, na gari tupu linafikia mara 2.6. Shoki za zamani haziwezi kutuliza mrusho huo, kwa hiyo tairi linaachana na barabara kila linapokutana na matuta ya murram. Tairi lililo hewani halishiki breki wala kona.

Kuna wanaotaka pikapu hiyo hiyo iondoke kwa kasi. Hapa springi inapewa kazi ya pili. Gari linapochomoka, uzito huhamia nyuma. Pikapu yenye mita 3.1 kati ya ekseli na kitovu cha uzito kilicho mita 0.7 juu ya ardhi, ikichomoka kwa kasi ya mashindano, huweza kuhamishia nyuma karibu asilimia 18 ya uzito wake. Hiyo ni faida kwa tairi za nyuma. Tatizo ni kwamba tairi zikisukuma gari mbele, ekseli nayo hutaka kuzunguka kinyume, na mabapa hupinda kama herufi S. Yakijirudi kwa ghafla, tairi hurukaruka, na kinachoumia ni propela na difu. Anayeinua gari kwa vipande vya chuma kati ya ekseli na springi huongeza tatizo hilo, maana amerefusha wenzo unaoyapinda mabapa.

Huko Marekani, ambako magari hushindana kwa umbali wa mita 402, wengi huunganisha ekseli na chesi kwa fito za chuma zinazozuia msokoto huo. Wengine huondoa mabapa kabisa, wakafunga fito nne na springi za duara. Gari hushika ardhi vizuri, lakini mfumo uliopimwa kwa mbio haufai kubebeshwa magunia.

Kwa barabara zetu, uamuzi ni huu. Anayebeba mzigo kila siku atafute springi ya hatua mbili: mabapa ya kawaida, na chini yake bapa nene la msaada linaloguswa tu mzigo unapoingia. Anayebeba mara moja moja abaki na springi za kiwandani, abadilishe shoki na bushi zilizochakaa, na akipenda aongeze mifuko ya hewa anayoweza kuijaza siku ya mzigo. Anayetaka kasi aanze na fito za kuzuia msokoto, na ashindane kwenye uwanja uliofungwa, si kwenye barabara ya Webuye.

Tena, bapa jipya haliongezi nguvu ya ekseli, breki, tairi wala chesi. Barabara nayo huumia: majaribio yaliyofanywa Illinois, Marekani, kati ya 1958 na 1960 yalionyesha kuwa ekseli yenye uzito mara mbili huiumiza lami takriban mara 16. Kwa hiyo kabla ya kumwita fundi, soma kiwango cha mzigo kilichoandikwa na mtengenezaji wa gari lako, kisha pima mzigo wenyewe kwenye mizani. Ukizidi kiwango hicho, dawa ni kupunguza magunia. Na springi ikishafungwa upya, rudi kwa fundi baada ya safari ya kwanza yenye mzigo akaze yuboti tena.