KAMATI YA HUDUMA ZA JAMII: UKAGUZI UNA MAJIRA YAKE

Wasomaji wetu wa Dodoma na nyanda za kati wajua kuwa kila halmashauri ya wilaya ina Kamati ya Elimu, Afya na Maji, na kila halmashauri ya kijiji ina kamati yake ya huduma za jamii. Lakini wengi wanaoingia katika kamati hizo hawakuelezwa vema kazi yao. Hudhani kuwa kazi ni kuketi, kusikiliza taarifa ya mtumishi, na kuipokea. Sivyo. Kazi ni kwenda kuona kwa macho, na kuona huko kuwe katika majira ambayo huduma ina taabu, wala si majira ambayo kila kitu chaonekana kizuri.

Kwanza yafaa kukumbuka kuwa madaraka haya yana historia. Kwa sheria ya mwaka 1926 watemi walipewa mabaraza na Hazina za Wenyeji, zilizolipia makarani, shule na zahanati. Mwaka 1963 madaraka ya watemi yaliondolewa. Mwaka 1972 halmashauri za wilaya nazo zilivunjwa, na kazi zao zikashikwa na watumishi wa Serikali Kuu. Sheria Na. 7 ya mwaka 1982 ilizirudisha, zikaanza kazi tena mwaka 1984. Basi haki ya diwani kuuliza habari za kisima au zahanati ni haki iliyopata kupotea. Asiyeitumia ni kama asiyekuwa nayo.

MAJI. Mvua za kwetu ni za msimu mmoja tu, tangu Desemba hata Aprili, na pale Dodoma mjini hazizidi sana milimita 570 kwa mwaka. Kamati ikienda kutazama kisima mwezi wa Februari, itakuta maji tele na kuandika kuwa hapana shida. Iende Septemba au Oktoba, wakati akina mama wanapochimba mchanga wa makorongo. Hapo ndipo kisima husema kweli.

Tena yafaa kupima, si kukisia. Sera ya Maji ya mwaka 2002 iliweka kipimo cha lita 25 kwa mtu kila siku, katika umbali usiozidi mita 400, na kituo kimoja kwa watu 250. Basi watu hao wahitaji lita 6,250 kwa siku. Mjumbe na ashike saa, atazame ndoo ya lita 20 yajaa kwa muda gani. Ikijaa kwa dakika 5, hizo ni ndoo 12 kwa saa, na kwa saa 12 za mchana ni ndoo 144, yaani lita 2,880. Maji hayo yatosha watu 115 tu. Taarifa iliyosema "kisima kinafanya kazi" haikuwa ya uongo, lakini haikueleza kuwa zaidi ya nusu ya watu hawapati haki yao.

SHULE. Mwezi wa Januari hata Machi ghala za nyumba nyingi huwa tupu, na mavuno hayajafika. Huu ndio wakati wa kuhesabu watoto darasani, na kulinganisha hesabu hiyo na daftari la mahudhurio. Mtoto aliyetoka nyumbani bila kula hafiki, au hufika akasinzia. Lakini mchango wa chakula cha shule usiombwe wakati huo, kwa maana mzazi hana kitu. Uzungumzwe katika mkutano wa kijiji mwezi wa Juni au Julai, mtama na uwele ukiisha kuvunwa, ili kila mtu akubali kwa hiari kiasi anachokiweza. Kadhalika vyoo vihesabiwe: kipimo ni tundu moja kwa wasichana 20, na moja kwa wavulana 25. Shule yenye wasichana 300 na wavulana 300 yahitaji matundu 15 na 12.

ZAHANATI. Hii itazamwe Machi au Aprili, wakati malaria inapozidi na makorongo yanapokata njia. Kamati iulize: dawa zilifika lini? Zipi zimekwisha? Mama mwenye uchungu usiku hupelekwaje hospitali njia ikikatika? Tangu mwaka wa fedha 2017/18 fedha za vituo vya afya hupelekwa moja kwa moja kituoni. Kwa hiyo hesabu zipo hapo hapo, na kamati ya kituo yapaswa kuzieleza.

Jambo jingine ni kumjua wa kuulizwa. Tangu mwaka 2019 maji ya vijijini yako chini ya wakala uitwao RUWASA. Halmashauri haiwezi kumwamuru meneja wake kama mtumishi wake yenyewe, lakini yaweza kumwalika kikaoni na kumwonyesha vipimo. Neno la hasira hujibiwa kwa neno. Hesabu ya ndoo hujibiwa kwa hesabu.

Wala tusisahau kalenda ya fedha. Mwaka wa Serikali huanza tarehe 1 Julai, na Bunge hujadili bajeti Dodoma tangu Aprili hata Juni. Mipango ya vijiji na kata huandikwa miezi kadhaa kabla. Haja iliyopimwa Oktoba yawahi kuingia katika mpango. Ile inayokumbukwa Mei imechelewa, nayo itangoja mwaka mzima.

Mwisho, kamati iwe na daftari moja lenye safu nne: tulichokiona, tarehe, aliyeombwa kutengeneza, na jibu lake. Mwalimu wa kijiji aweza kusaidia kulichora. Mkutano mkuu wa kijiji hukutana kila miezi mitatu. Hapo daftari lisomwe mbele ya watu wote, hata ile safu ya nne ikiwa tupu. Safu tupu ikisomwa mara mbili hadharani, haikawii kupata jibu.

Wazee wetu walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Twawaomba wenyeviti, madiwani na walimu wapange sasa miezi yao mitatu ya ukaguzi, wala wasingoje kuitwa.